Barua ya wazi: Tuwahesabu wanamichezo wetu wanaoumia kabla ya AFCON 2027

Kwa Waziri wa Afya. Waziri mwenye dhamana ya michezo. Waziri mwenye dhamana ya TAMISEMI. Rais wa Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania. Na Mkurugenzi Mkuu wa Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH).

Waheshimiwa,

Ninawaandikia kuomba nchi yetu ianzishe daftari la taifa la majeraha ya michezo, na sambamba nalo utafiti wa kudumu utakaofuatilia namna majeruhi wanavyorudishiwa uwezo wa kutembea, kukimbia na kufanya kazi. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia katika hospitali ya umma. Ombi hili nimekaa nalo kwa muda mrefu, na ninalileta hadharani sasa kwa sababu wakati wake umefika. Tarehe 27 Septemba 2023 Shirikisho la Soka Afrika liliipa Tanzania, pamoja na Kenya na Uganda, heshima ya kuandaa Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027, na Agosti 2025 tuliionja kazi hiyo tulipoandaa CHAN, mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, kwa pamoja. Fedha nyingi zinaelekezwa kwenye viwanja na miundombinu yake, nami sina neno na hilo. Ninachoomba ni kwamba sehemu ndogo ya juhudi hiyo imfikie mchezaji mwenyewe, na hasa yule kijana ambaye hatakanyaga uwanja wa kimataifa maishani mwake lakini anaumia kwenye kiwanja cha shule au cha mtaa.

Mzazi wa Songea akiniuliza leo ni mabinti wangapi waliumia magoti katika michezo ya shule za sekondari, UMISSETA, iliyopita, na wangapi kati yao wamerudi uwanjani, sina daftari la kulifungua nikamjibu. Kocha akitaka kujua kama kiwanja cha changarawe kinategua vifundo vya miguu kuliko kiwanja cha nyasi, au kama mechi za siku mfululizo katika mashindano ya shule zinaongeza hatari, nitamjibu kwa namba za Ulaya, ambako viwanja ni vingine na ratiba ni nyingine. Tafiti za wanafunzi wa vyuo vyetu vikuu zipo, na baadhi ni nzuri. Lakini utafiti wa shahada hudumu msimu mmoja, hutetewa mbele ya jopo, kisha huwekwa kabatini. Anayefuata huanza upya kwa fomu nyingine na kwa maelezo mengine ya nini kinahesabika kuwa jeraha, kiasi kwamba matokeo ya wawili hao hayawezi kujumlishwa wala kulinganishwa.

Naomba mnivumilie nieleze njia anayopita majeruhi wa kawaida, kwa kuwa bila kuiona njia hiyo ombi langu linaweza kuonekana kama anasa ya wasomi. Binti wa kidato cha tatu anaruka kuwania mpira, anatua kwa mguu mmoja, goti linapinda kuingia ndani, anasikia kitu kimekatika. Hakuna aliyemgusa. Goti linavimba kabla jua halijazama. Mwalimu wa michezo, ambaye hana zaidi ya dawa ya kuchua na nia njema, anamfunga kitambaa; nyumbani anakandwa kwa maji ya moto; baadaye anapigwa picha ya eksirei isiyoonyesha mvunjiko wowote, anaambiwa mfupa ni mzima, akapumzike. Anapumzika, na paja linasinyaa. Akirudi mchezoni baada ya miezi miwili goti linamponyoka, na kila linapoponyoka linazidi kuharibu gegedu zilizo ndani yake. Wagonjwa wa aina hii nimezoea kuwapokea mwaka mzima au zaidi baada ya siku ile ya kuumia. Tafiti zilizowafuatilia kwa muda mrefu waliochanika ligamenti ya mbele ya goti, yaani utepe unaoshikilia mifupa ya goti isiteleze, zinaonyesha kwamba takribani nusu yao huwa na dalili za goti kusagika ndani ya miaka 10 hadi 20. Kwa hesabu hiyo, binti aliyeumia akiwa na miaka 16 anaweza kufika miaka 30 akiwa hawezi kuchuchumaa shambani wala kupandisha ndoo ya maji kilimani, na katika safari yote hiyo jina lake halikuandikwa mahali ambapo mtu mwenye uwezo wa kuamua angeliona.

Mwaka 1992 mtafiti Mholanzi Willem van Mechelen na wenzake waliweka hatua nne ambazo watafiti wa majeraha ya michezo wamezifuata hadi leo: kujua ukubwa wa tatizo, kutafuta vyanzo vyake, kuweka kinga, kisha kurudi kuhesabu tena ili ijulikane kama kinga ile imefanya kazi. Kazi inaanza kwa kuhesabu na inafungwa kwa kuhesabu. Sisi tumezoea kuanzia hatua ya tatu. Tunaendesha semina ya makocha, tunagawa mabegi ya huduma ya kwanza, tunapiga picha ya pamoja, na msimu unaofuata hakuna anayeweza kusema kama aliyepona ameponea semina au ameponea bahati.

Shirikisho la Soka la Ulaya lilianza kuyahesabu majeraha ya klabu zake kubwa mwaka 2001, chini ya Profesa Jan Ekstrand wa Sweden. Ni kutokana na kazi hiyo tunajua leo kwamba timu ya wachezaji 25 katika ngazi ile hutarajia takribani majeraha 50 kwa msimu, yaani mawili kwa kila mchezaji, na kwamba hatari ya kuumia ndani ya mechi ni kubwa mara kadhaa kuliko mazoezini. Lakini mfano unaonivutia zaidi ni wa New Zealand, nchi ndogo kwa idadi ya watu, ambayo tangu 1974 ina mfuko wa umma unaogharimia matibabu ya kila aliyepata ajali, iwe barabarani, kazini au mchezoni. Kwa sababu mfuko ndio unaolipa, mfuko unahesabu. Mwaka 2001, wakiwa na kumbukumbu za majeraha ya uti wa mgongo katika raga za kuanzia 1976, waliagiza kila kocha na kila mwamuzi wa raga apate mafunzo ya usalama kila mwaka. Kwa mwenendo wa miaka ya nyuma, ilitarajiwa kwamba kati ya 2001 na 2005 wachezaji tisa wangeumia uti wa mgongo katika skramu, pale safu mbili zinaposukumana vichwa vikiwa chini. Aliumia mmoja. Wasingekuwa na kumbukumbu za miaka 25 nyuma, wale wanane waliosalimika wasingejulikana kwa mtu yeyote, na pengine mafunzo yale yangefutwa kwenye bajeti kwa hoja kwamba hayana faida inayoonekana.

Daftari ninaloliomba si mtambo mkubwa. Ni fomu ya ukurasa mmoja, inayojazwa kwa kalamu au kwa simu, yenye umri na jinsia ya mchezaji, mchezo, aina ya kiwanja, kama ilikuwa mechi au mazoezi, kiungo kilichoumia na aina ya jeraha, kama aligongana na mtu au aliumia peke yake, kama jeraha lile lile lilishawahi kumpata, na siku alizokaa nje kabla ya kurudi. Jambo moja ambalo wengi hulisahau ni kuandika pia muda uliochezwa. Majeraha kumi peke yake hayana maana mpaka tujue yametokea ndani ya saa ngapi za kucheza. Mechi moja ya dakika 90 yenye wachezaji 22 ni saa 33 za uchezaji, kwa hiyo mechi 30 tu zinakaribia saa 1,000, ambacho ndicho kipimo kinachotumika duniani kote kulinganisha. Mashindano ya shule, ambayo hupanda kutoka shule hadi kata, wilaya, mkoa na taifa, yana maelfu ya saa hizo kila mwaka, na ratiba zake tayari zimeandikwa. Wizara ya Afya imevizoesha vituo vyake vitabu vya MTUHA, yaani vya kuandikia takwimu za wagonjwa na huduma, kwa miaka mingi. Tunaijua nidhamu ya kujaza takwimu, na tunajua pia udhaifu wake, kwamba anayejaza bila kuona matokeo ya alichojaza huchoka na kuanza kujaza ilimradi. Kila mkoa urudishiwe ripoti yake msimu unapoisha, hata ikiwa kurasa mbili, ili mwalimu aliyejaza fomu aone kazi yake imekwenda wapi.

Kuhusu kinga, hatuhitaji kugundua upya kilichokwisha kugunduliwa, ila tunahitaji kukijaribu kwetu. Programu ya kupasha misuli ya FIFA 11+ huchukua takribani dakika 20 na haihitaji kifaa zaidi ya mpira na koni: mbio nyepesi, mazoezi ya nguvu za mapaja na kiwiliwili, kusimama kwa mguu mmoja, kuruka na kutua goti likiwa limekunjwa kidogo na kuelekea sawa na vidole vya mguu, kisha mbio za kasi. Ilijaribiwa Norway katika klabu 125 za wasichana wa miaka 13 hadi 17, na matokeo yaliyochapishwa 2008 yalionyesha majeraha kwa jumla kupungua kwa karibu theluthi moja na yale makubwa kwa karibu nusu, ingawa kipimo chao kikuu, yaani majeraha ya miguu, hakikufikia uhakika wa kitakwimu. Mwaka 2014 watafiti wa Nigeria wakachapisha jaribio lao kutoka ligi ya vijana ya Lagos, lenye timu 20 na wachezaji 416 wa kiume: majeraha yalipungua kwa asilimia 41, na ya miguu kwa asilimia 48. Utafiti huu wa Lagos naomba muupe uzito. Umefanywa Afrika, na Waafrika, kwa vijana wa rika la vijana wetu, na unaondoa kisingizio kwamba mambo haya yanawezekana kwa wenye nacho tu.

Hata hivyo wachezaji wa Lagos walikuwa wavulana, na wasichana wa Norway walikuwa na makocha wa klabu na viwanja vilivyotunzwa. Mchezaji wa kike huchanika ligamenti ya mbele ya goti mara mbili hadi tatu zaidi ya wa kiume anayecheza mchezo uleule, na sababu zake bado zinabishaniwa: maumbile, nguvu za misuli, namna ya kutua, viatu vilivyoshonwa kwa kufuata mguu wa mwanamume, au ukweli kwamba msichana mara nyingi huanza mazoezi ya kweli akiwa amechelewa na hupewa uwanja wavulana wakishamaliza. Twiga Stars wamecheza fainali za Mataifa ya Afrika kwa wanawake za 2010 na zile zilizofanyika Morocco Julai 2025, na ligi ya wanawake inakua mbele ya macho yetu. Tunawaalika mabinti wengi zaidi kila mwaka waingie katika mchezo ambao unawaumiza magoti kuliko kaka zao, na tunafanya hivyo bila kuwachunguza. Hapo ndipo ningeanzia. TAMISEMI ikiamua, wilaya zinaweza kugawanywa kwa kura, nusu zifundishwe programu hii mapema katika muhula na nusu nyingine zifundishwe baada ya mashindano, kisha tulinganishe. Hakuna mtoto atakayenyimwa kitu, na kwa mara ya kwanza tutakuwa na jibu la wasichana wa Kitanzania wenyewe.

Sasa niingie katika sehemu ninayoishughulikia kila siku, yaani kile kinachofuata baada ya kuumia. Kwa muda mrefu imeaminika, na mashabiki wetu wengi wanaamini hadi leo, kwamba ligamenti ya goti iliyochanika haina dawa isipokuwa upasuaji, na ikiwezekana upasuaji wa nje ya nchi. Mwaka 2010 watafiti wa Sweden walichapisha jaribio la vijana 121 wapenda michezo, ambao si wachezaji wa kulipwa, waliogawanywa kwa kura: kundi moja lilifanyiwa upasuaji mapema na kupata utengamao, yaani tiba ya kurudisha uwezo wa mwili, kundi jingine lilianza na utengamao uliopangwa vizuri na kufanyiwa upasuaji baadaye kwa yule tu ambaye goti lake lilikataa kutulia. Baada ya miaka miwili hapakuwa na tofauti ya maana kati yao kwa maumivu, utendaji wala ubora wa maisha, na kati ya waliosubiri, takribani wanne katika kila kumi ndio waliokuwa wamehitaji kisu. Baada ya miaka mitano waliohitaji walifika karibu nusu. Yaani nusu nyingine hawakuhitaji kisu; walitosheka na mazoezi yenye mpango na msimamizi.

Itakuwa si haki nikiwapa utafiti huo peke yake. Mwaka 2022 Waingereza walichapisha jaribio la wagonjwa 316 ambao jeraha lao halikuwa bichi tena na goti lilikuwa likiwaponyoka, na kwa hao upasuaji ulikuwa na matokeo bora kuliko kuanza na mazoezi. Ukizisoma tafiti hizi mbili kwa pamoja unaona kwamba wakati wa kuanza una uzito mkubwa: anayefika mapema ana nafasi nzuri ya kupona kwa utengamao, na anayefika goti likiwa limeshazoea kuponyoka huelekea kwenye kisu. Wagonjwa wangu wengi wako kundi la pili, kwa sababu ya ile njia niliyoieleza juu. Tofauti nyingine ni kubwa zaidi. Katika majaribio hayo utengamao ulikuwa na mtaalamu, vipindi vya mara kwa mara kwa miezi, na malengo yanayopimwa. Hapa kwetu mgonjwa wa wilaya ya mbali anakuja vipindi viwili, nauli inakwisha, anarudi nyumbani na karatasi yenye michoro. Je, mazoezi aliyofundishwa mara mbili na kusimamiwa kwa simu yanaweza kumfikisha karibu na pale walipofika wenzake wa Sweden? Je, mwalimu wa michezo au mhudumu wa afya ngazi ya jamii anaweza kufunzwa kuyasimamia? Ni vipindi vingapi ambavyo chini yake hakuna faida tena? Hayo ni maswali ya utafiti hasa, majibu yake yatabadilisha matumizi ya fedha zenu, na hakuna nchi tajiri itakayotujibia kwa sababu kwao hayaulizwi.

Katika utafiti huo, vipimo navyo vifanane na maisha yetu. Hojaji nyingi za goti zinazotumika kimataifa humuuliza mgonjwa kuhusu kupanda ngazi na kuingia kwenye gari, na ni sawa wayaulize. Sisi tuongeze kuchuchumaa chooni, kukaa mkekani na kuinuka, kusujudu, kupalilia, kubeba mzigo kichwani kwenye mteremko, kuendesha baiskeli yenye magunia. Nimewahi kumwona mgonjwa aliyepata alama nzuri kwenye hojaji na bado hawezi kurudi shambani.

Kuna pia suala la lini mchezaji arudi uwanjani, ambalo linagusa klabu zetu kubwa na ndogo kwa pamoja. Utafiti wa pamoja wa Norway na Marekani uliochapishwa 2016 uliwafuatilia wachezaji 106 waliofanyiwa upasuaji wa ligamenti ya mbele ya goti. Kila mwezi mmoja wa kuchelewa kurudi, hadi kufikia mwezi wa tisa, ulipunguza uwezekano wa goti kuumia tena kwa takribani nusu. Waliorudi bila kufaulu vipimo vya nguvu na kuruka, zaidi ya theluthi moja waliumia tena. Kati ya waliofaulu vipimo vyote, hawakufika sita katika kila mia. Vipimo vyenyewe, ukiacha kile cha nguvu za misuli ya paja ambacho hutumia mashine ya bei ghali, ni hojaji mbili fupi, na kuruka kwa mguu mmoja kwa namna nne na kulinganisha mguu uliopona na mzima, ambao unatakiwa kufikiwa kwa asilimia 90. Vinahitaji karatasi, futi kamba, saa na sakafu. Leseni ya klabu inadai uwanja, makocha wenye vyeti na hesabu zilizokaguliwa. Shirikisho linaweza pia kudai kwamba hakuna mchezaji aliyepasuliwa goti atakayesajiliwa kwenye orodha ya mechi bila karatasi ya vipimo hivyo iliyosainiwa na mtaalamu asiyelipwa na klabu. Hicho kipengele cha mwisho nakisisitiza. Daktari wa timu anayeajiriwa na uongozi unaotaka ushindi wa Jumamosi amewekwa mahali pagumu, na mchezaji ambaye mkataba wake unaisha hawezi kukataa sindano ya kutuliza maumivu.

Naomba nitaje kundi ambalo katika mazungumzo ya majeraha ya michezo huachwa kabisa. Timu yetu ya soka la wenye ulemavu wa viungo, Tembo Warriors, ilifika robo fainali ya Kombe la Dunia 2022 nchini Uturuki. Mchezaji wa ndani katika soka hilo hukimbia kwa mguu mmoja na magongo mawili, bila mguu wa bandia, na kipa huwa na mkono mmoja. Uzito wote wa mbio, kugeuka na kupiga shuti unapita mabegani, viwikoni na kwenye vifundo vya mikono, viungo ambavyo mtu huyo huyo anavihitaji kwa kila hatua ya maisha yake nje ya uwanja. Mchezaji mwenye miguu miwili akiumia bega anakwenda nyumbani kwa miguu. Huyu akiumia bega amepoteza na mwendo wake. Nchi yenye chuo cha kufundisha watengenezaji wa viungo bandia, kile cha TATCOT mjini Moshi kilichoanzishwa 1981 na kufundisha wataalamu wa mataifa mengi ya Afrika, ina kila sababu ya kuongoza utafiti wa magongo mepesi, wa urefu wake na wa kinga ya mabega. Tunao wachezaji, tunao mafundi, tunao walimu. Wanachokosa ni bajeti ya kukaa pamoja kwenye jambo moja kwa miaka mitatu.

Mtu anaweza kuniuliza kwa nini tuwekeze katika magoti ya wacheza mpira wakati wodi za mifupa zimejaa majeruhi wa bodaboda na wazee waliopata kiharusi wanakaa nyumbani bila mazoezi. Ni swali la haki, na jibu lake ni kwamba mtaalamu ni yule yule. Anayejifunza kumfundisha mchezaji kusimama kwa mguu mmoja ndiye atakayemsimamisha dereva wa bodaboda aliyetolewa hogo, yaani plasta ya mfupa uliovunjika, na kumfundisha mama wa kiharusi kuinuka kitini. Shirika la Afya Duniani lilizindua mpango wake wa utengamao kuelekea 2030 mwezi Februari 2017, na Mei 2023 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ukapitisha azimio la kuimarisha utengamao ndani ya mifumo ya afya. Makadirio yanayotumika ni kwamba watu bilioni 2.4 duniani wana hali ambayo ingefaidika na utengamao, na katika baadhi ya nchi za kipato cha chini na cha kati wataalamu wake hawafiki 10 kwa kila watu milioni moja. Michezo inapendwa, na jambo linalopendwa hupata fedha kwa urahisi zaidi. Daftari likianzia uwanjani, fomu yake, mafunzo yake na wataalamu wake watatumika kwenye wodi zote.

Daftari hili lisikae mikononi mwa klabu wala shirikisho. Taarifa ya goti la mchezaji inaweza kushusha bei yake sokoni, na taarifa za watoto wa shule zinahitaji ridhaa ya wazazi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ipo, na taratibu za kibali cha maadili ya utafiti zipo. Lishikwe na chuo kikuu cha umma chenye kitivo cha tiba, majina yakifichwa kwa namba, na ripoti ya jumla itolewe hadharani kila mwaka, kwa Kiswahili.

Kuhusu fedha nitakuwa mfupi. COSTECH itenge dirisha la utafiti wa utengamao na majeraha ya michezo lenye muda usiopungua miaka mitatu. Wizara ya Afya iweke nafasi za ajira za wataalamu wa fiziotherapia na tiba kwa vitendo hadi hospitali za wilaya, na katika utekelezaji wa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 kitita cha mafao kitaje kwa namba vipindi vya utengamao anavyostahili mgonjwa, kwa kuwa kisichotajwa hukataliwa dirishani. TAMISEMI iruhusu fomu ijazwe katika UMITASHUMTA ya shule za msingi na UMISSETA ya sekondari. Wizara ya Michezo na Shirikisho wabebe gharama za mafunzo kutoka katika fungu la maandalizi ya 2027.

Naomba ofisi zenu ziketi pamoja mara moja, kabla ratiba ya UMISSETA ijayo haijatoka, na ziamue mikoa miwili ya kuanzia, mmoja wenye hospitali kubwa na mmoja ulio mbali nayo. Rasimu ya fomu ninayo. Wapo wenzangu katika hospitali za rufaa za mikoa walio tayari kufundisha walimu wa michezo siku za mapumziko, na tutaileta rasimu hiyo katika ofisi yoyote kati ya zenu, siku mtakayoitaja.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mtaalamu wa fiziotherapia, hospitali ya rufaa ya mkoa, Nyanda za Juu Kusini.